Kizio Kisicho na Jina

"Sista, dripu haitembei." Aliyewahi kumuuguza ndugu yake wodini ameisema sentensi hii, au ameisikia kutoka kitanda cha jirani. Sista anakuja. Anautazama mkono wa mgonjwa kama umekunjwa kiwikoni. Anakilegeza kigurudumu kinachobana mpira. Isipotembea, anapandisha stendi. Mwisho kabisa, kwa kusitasita maana mishipa ya mgonjwa imeshachoshwa na sindano, anaitoa kanula ya bluu na kutafuta mahali pa kuweka ya pinki. Hakuna aliyemwona akipiga hesabu, lakini kwa dakika tatu amegusa karibu kila herufi ya kanuni ambayo wanafizikia waliihangaikia karne ya 19.

Alichokuwa akipambana nacho kinaitwa ukinzani wa mtiririko. Neno ukinzani tumelizoea katika umeme, na si vibaya kuanzia huko. Chukua kanieneo cha mwanzo wa mrija, toa kanieneo cha mwisho wake, kisha gawa kwa ujazo wa kimiminika unaopita kila sekunde. Jibu ndilo ukinzani. Kwa alama, R = ΔP/Q. Huwezi kuushika wala kuupima kwa chombo kimoja, ni bei. Inakuambia utalipa kanieneo kiasi gani ili upewe ujazo kiasi gani kwa muda fulani.

Na kama ilivyo bei yoyote, swali la pili ni imetajwa kwa sarafu ipi na kwa kipimo kipi. Hapo ndipo watu wengi, wakiwemo wenye shahada, hupotea.

Nalipenda neno kanieneo kwa sababu limebeba maana yake tumboni: kani juu ya eneo. Mwanafunzi akilisahau somo, neno lenyewe linamkumbusha agawe nini kwa nini. Ukinzani wa mtiririko haukupata bahati hiyo. Ukinzani wa umeme una ohm, jina la Mjerumani Georg Ohm aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Kanieneo kina paskali. Nguvu ya kazi ina wati. Ukinzani wa maji katika mrija hauna jina lolote katika mfumo wa kimataifa wa vizio. Unaandikwa kwa urefu wake wote, paskali-sekunde kwa mita ya ujazo, na ukiuvunjavunja hadi vizio vya msingi unapata kilogramu kwa mita kipeo cha nne kwa sekunde, kitu ambacho hakuna binadamu anayeweza kukifikiria kichwani. Kwa kukosa jina la pamoja, kila fani imejitengenezea lake kutokana na vyombo vilivyokuwa mezani kwake. Ni kama mambo ya kibaba na pishi: mchele ni uleule, lakini asiyejua kuwa pishi moja ni vibaba vinne atarudi nyumbani analia.

Tuanze na madaktari wa moyo, maana wao ndio walioukuta ukinzani huu ukiua watu. Katika chumba cha katheta, mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa hadi ndani ya moyo na kwenye ateri ya mapafu. Vyombo vyao vinasoma kanieneo kwa milimita za zebaki, urithi wa siku ambazo zebaki ilikuwa inapanda kweli ndani ya kioo, na damu inayosukumwa na moyo wanaihesabu kwa lita kwa dakika. Basi wakagawa moja kwa nyingine bila kubadilisha chochote, wakapata milimita ya zebaki kwa lita kwa dakika. Kizio hicho leo kinaitwa kizio cha Wood, kwa heshima ya Paul Wood, daktari bingwa wa moyo aliyefanya kazi London na kufariki mwaka 1962. Mtu mzima mwenye afya, akiwa na tofauti ya milimita 90 za zebaki kati ya ateri kuu na vena zinazorudi moyoni, na moyo wake ukisukuma lita 5 kwa dakika, mwili wake wote una ukinzani wa vizio 18 vya Wood. Mapafu yake yako chini sana, mara nyingi kati ya 1 na 2. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2022 iliushusha mpaka wa ukinzani wa mapafu unaohesabiwa kuwa ugonjwa kutoka 3 hadi 2. Tarakimu moja, na kundi zima la watu likahama kutoka upande wa wazima kwenda upande wa wagonjwa.

Lakini fungua kitabu kingine cha tiba na utakuta ukinzani wa mwili wa mtu mzima umeandikwa kuwa kati ya 800 na 1,200. Hawa wanatumia daini-sekunde kwa sentimita kipeo cha tano, kizio cha mfumo wa zamani wa sentimita, gramu na sekunde. Kizio kimoja cha Wood ni sawa na 80 vya hivyo. Yule mtu wetu wa 18 anakuwa 1,440, juu kidogo ya kiwango cha kitabu, ingawa kitu mwilini mwake hakijabadilika. Anayesoma 18 na kudhani ni ya mfumo wa pili angemwona mgonjwa kama mtu ambaye mishipa yake imelegea hadi kukaribia kutoweka. Kwa mfumo wa kimataifa, kizio cha Wood ni paskali-sekunde milioni 8 kwa mita ya ujazo. Nimewasikia watu wakilalamika kwamba madaktari ni wakaidi kwa kutohamia mfumo huo. Mimi nawatetea. Namba 2 inakaa kichwani saa tisa usiku. Milioni 16 haikai.

Kwa upande mwingine wa meza wamekaa watengenezaji wa chipu za vimiminika: vipande vya kioo au silikoni laini vyenye vijifereji vyembamba kuliko unywele, ambamo damu, dawa au chembe hai mojamoja hupitishwa ili zichunguzwe. Pampu zao zinasukuma kwa milibari, na wanachokisukuma ni maikrolita kwa dakika. Bei yao, kwa hiyo, ni milibari kwa maikrolita kwa dakika. Kizio kimoja hicho ni paskali-sekunde trilioni 6 kwa mita ya ujazo, yaani 6 ikifuatiwa na sifuri 12.

Sasa tuweke fani hizo mbili pamoja, jambo ambalo wenyewe hawalifanyi mara nyingi. Chukua kijifereji cha kawaida cha chipu: upana maikromita 100, kimo maikromita 50, urefu sentimita 1, ndani kuna maji ya nyuzi 20. Ukinzani wake ni karibu trilioni 14 za vile vizio vya kimataifa, sawa na milibari 2.3 kwa kila maikrolita kwa dakika. Mwili wako wote, wenye mishipa mirefu kuliko barabara za mkoa, una ukinzani wa karibu milioni 144. Sentimita moja ya kijifereji inakinza maji mara laki moja kuliko mwili mzima wa binadamu unavyokinza damu, ambayo ni nzito kuliko maji. Namba hiyo iliponitokea mara ya kwanza nilirudia hesabu nikidhani nimepoteza sifuri mahali. Sikuwa nimepoteza. Siri iko katika mambo mawili: jinsi wembamba unavyoadhibu, na jinsi mwili unavyoikwepa adhabu hiyo.

Wembamba kwanza. Mwaka 1797 walizaliwa watu wawili ambao hawakufanya kazi pamoja lakini majina yao leo hayatenganishwi. Gotthilf Hagen alikuwa mhandisi wa maji huko Prussia. Mwaka 1839 alichapisha vipimo vya maji yaliyopita kwenye mirija ya shaba nyeupe. Jean Léonard Marie Poiseuille alikuwa daktari wa Paris, na kiu yake ilikuwa damu. Tasnifu yake ya mwaka 1828 ilihusu nguvu ya moyo, na ndani yake alitumia mrija wa zebaki kupima kanieneo cha damu katika ateri. Baadaye akataka kujua kinachotokea katika vile vishipa vidogo kabisa, na kwa kuwa damu huganda na mishipa hujibana, akachukua njia ya busara: akaacha damu, akaacha mishipa, akatumia maji safi na mirija ya kioo. Mirija yake myembamba zaidi ilikuwa na kipenyo cha karibu milimita 0.015, kitu cha kupimwa chini ya hadubini. Alibadilisha kanieneo, akabadilisha urefu, akabadilisha kipenyo, joto akalidhibiti kwa kuzamisha mrija ndani ya chombo cha maji. Matokeo aliyawasilisha kwenye Chuo cha Sayansi cha Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1840.

Alichokuta ni kwamba ukizidisha kanieneo mara mbili, maji yanazidi mara mbili. Ukirefusha mrija mara mbili, yanapungua nusu. Hayo mtu angeweza kuyabuni. Lakini ukipanua kipenyo mara mbili, maji hayazidi mara mbili wala mara nne. Yanazidi mara 16. Mtiririko unafuata kipenyo kwa kipeo cha nne, na Poiseuille alilifikia jambo hilo kwa vipimo vitupu, bila nadharia yoyote ya kumwongoza. Nadharia ilikuja baada yake na kumthibitisha.

Kwa nini nne? Mbili za kwanza ni rahisi: mrija mpana una eneo kubwa la kupitisha maji, na eneo linakwenda na mraba wa kipenyo. Mbili zilizobaki zinatokana na ukuta. Maji yanayogusa ukuta yamesimama tuli. Yanayofuata yanateleza polepole juu ya hayo yaliyosimama. Yanayofuata haraka zaidi, hadi katikati ambako mwendo ni mkubwa kuliko kote. Mrija ukiwa mpana, katikati iko mbali na ukuta, na tabaka zile zinapata nafasi ya kuongeza mwendo moja juu ya nyingine. Mrija ukiwa mwembamba, hakuna katikati ya kusemea. Kila tone liko jirani na ukuta. Kwa hiyo unapoubana mrija unapoteza mara mbili: njia imepungua, na kila sehemu ya njia iliyobaki imepunguziwa mwendo.

Makosa madogo ya upana hulipiwa sana. Mrija uliopungua kipenyo kwa asilimia 10 unaongeza ukinzani kwa asilimia 52. Kijifereji cha chipu, kwa kuwa ni cha pembe nne, kinafuata kanuni yenye sura nyingine kidogo: kimo ndicho chenye kipeo cha tatu, upana una kipeo cha kwanza na marekebisho yake. Punguza kimo cha kile chetu kutoka maikromita 50 hadi 45 na ukinzani unapanda kwa karibu asilimia 31. Punguza upana kwa asilimia hiyohiyo 10 na unapanda kwa 17 tu. Anayetengeneza chipu na ana fedha ya kupima kitu kimoja, basi apime kimo.

Hapa nataka kutenganisha vitu viwili ambavyo huvishwa shati moja. Jina la Poiseuille lilipewa kizio kweli, poazi, lakini si kizio cha ukinzani. Lilipendekezwa mwaka 1913 na Deeley na Parr, waliokuwa wakichunguza jinsi barafu ya milimani inavyojikokota kuteremka bonde, nao walikuwa wanahitaji kizio cha mnato. Mnato ni tabia ya kimiminika chenyewe: asali inao mwingi, spiriti kidogo, na haijali iko kwenye ndoo au kwenye sindano. Ukinzani ni wa kimiminika hicho ndani ya mrija huo. Kanuni inasema R = 8μL/πr⁴, na katika mstari huo mfupi mnato ni μ peke yake; urefu L na nusukipenyo r ni vya mrija. Mtu akikuambia "damu nzito ndiyo inaongeza presha", ametaja herufi moja na kuruka nyingine, tena karuka ile yenye kipeo cha nne. Vishipa vidogo vya ateri vikijibana kidogo tu vinafanya zaidi ya damu nzito inavyoweza.

Vizio vingemsaidia mtu kutochanganya. Mnato ni paskali-sekunde. Ukinzani ni paskali-sekunde kwa mita ya ujazo. Hiyo mita ya ujazo inayobaki chini ndiyo umbo la mrija: urefu mara moja juu, urefu mara nne chini. Ukiona jibu lako halina mita tatu chini, umeupima mnato au umekosea hesabu.

Joto nalo huingilia kupitia μ. Mnato wa maji kwa nyuzi 20 ni karibu milipaskali-sekunde 1. Kwa nyuzi 30 ni 0.8, kwa nyuzi 10 ni 1.3. Chipu iliyopimwa katika maabara yenye kiyoyozi, ikipelekwa zahanati ya Kigamboni mwezi wa Februari, inakuwa na ukinzani pungufu kwa asilimia 20 bila mtu kuigusa. Damu iliyotoka kwenye friji ya benki ya damu inakwenda upande wa pili: ni baridi, inajikokota.

Turudi kwenye mwili na jinsi unavyokwepa. Kapilari moja yenye nusukipenyo cha maikromita 3 na urefu wa milimita moja, ukiipigia hesabu kwa kanuni ya Poiseuille, ina ukinzani mkubwa kuliko chipu yetu maelfu ya mara. Ila hazijapangwa foleni. Zimepangwa bega kwa bega, mabilioni yake, na mirija iliyo sambamba hugawana mzigo: miwili inayofanana inapunguza ukinzani nusu, elfu inaupunguza mara elfu. Iliyopangwa foleni, ukinzani wake unajumlishwa. Ni kanuni zilezile za waya na balbu, na ndiyo sababu wahandisi wa chipu huchora mitandao yao kama saketi za umeme, kanieneo wakikiita volti na mtiririko wakiuita mkondo. Mchoro huo unafanya kazi vizuri sana, mpaka pale unapoacha kufanya kazi.

Kanula ni mfano mzuri wa mahali hapo. Zimepakwa rangi dunia nzima: njano namba 24 kwa vichanga, bluu 22, pinki 20, kijani 18, kijivu 16, chungwa 14. Namba inapungua kadiri tundu linavyopanuka, desturi iliyorithiwa kwa wapimaji wa nyaya, na imewachanganya wanafunzi wengi wa uuguzi. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anatakiwa apewe zile pana, na mara nyingi mbili, moja kila mkono. Kipenyo cha ndani cha ya chungwa ni karibu milimita 1.7, cha kijani karibu 0.95. Kwa kipeo cha nne, ya chungwa ingepitisha maji mara kumi ya ile ya kijani. Soma pakiti zake: ya kijani kwa kawaida ni karibu mililita 90 hadi 100 kwa dakika, ya chungwa ni 240 au zaidi kidogo, kutegemea kiwanda. Ni mara mbili na nusu hadi tatu. Zile saba nyingine zimekwenda wapi?

Nilipiga hesabu hii kwa kanula ya chungwa yenye urefu wa sentimita 4.5. Kwa mililita 240 kwa dakika, kanuni ya Poiseuille inadai kanieneo cha kilopaskali 0.9 tu. Chupa iliyoning'inizwa mita moja juu ya mkono inatoa karibu 9.8. Kwa hiyo sehemu kubwa ya malipo haiendi kwenye kuta za kanula. Inakwenda kwenye mpira wa dripu wenyewe na viungo vyake, ambavyo viko foleni na kanula. Inakwenda kwenye kuyapa maji mwendo, maana yanaingia tunduni yakikimbia karibu mita 1.8 kwa sekunde. Na inakwenda kwenye vurugu. Mwaka 1883 Osborne Reynolds, akiwa Manchester, alionyesha kwa uzi wa rangi ndani ya mrija wa kioo kwamba maji yanayokwenda kwa tabaka tulivu hufika kiwango ambapo tabaka hizo huvunjika. Kiwango hicho, kwa namba isiyo na kizio inayobeba jina lake, huanzia karibu 2,000. Kanula yetu ya chungwa iko 3,000. Kijifereji cha chipu kinachopitisha maikrolita 10 kwa dakika kiko kwenye 2 na kidogo. Ndiyo maana Poiseuille anatawala ndani ya chipu bila upinzani, na ndani ya kanula pana ni mgeni mwalikwa. Muuguzi anayetoa ya kijani na kuweka ya chungwa amefanya vyema, lakini mpira ukibaki mwembamba na wenye viunganishi vitatu njiani, amepanua mlango wa nyumba ambayo geti lake bado ni jembamba.

Vurugu hiyo ina watu wanaoitafuta kwa makusudi. Kwenye mashamba ya maua ya Naivasha na kwenye bustani za nyanya zenye umwagiliaji wa matone, kila tundu la mpira lina njia ndogo ya kupunguza kasi ya maji. Vitoa-matone vya mwanzo vilikuwa vijia virefu vyembamba ambamo maji yalikwenda kwa utulivu, à la Poiseuille: kanieneo kikizidi mara mbili, maji yanazidi mara mbili. Shamba likiwa na mteremko, mimea ya bondeni ilizama na ya juu ilikauka, na jua la mchana lilipopasha mpira maji yaliongezeka. Vinavyotumika sasa vina njia yenye meno ya kuvuruga maji. Katika vurugu, ili upate maji mara mbili unahitaji kanieneo mara nne, hivyo tofauti ya bonde na kilima inasikika kidogo tu kwenye mche. Mnato karibu unatoka kwenye hesabu, na joto pamoja nao. Ila sasa ukinzani si namba moja tena. Unapanda kadiri maji yanavyokwenda kasi, na anayeandika kizio chake bila kusema kwa mtiririko gani ameandika nusu ya habari.

Damu nayo ina ujanja wake. Mwaka 1931, Wasweden wawili, Fåhræus na Lindqvist, walionyesha kwamba katika mirija ya chini ya milimita 0.3 damu inajifanya nyepesi kadiri mrija unavyozidi kuwa mwembamba. Chembe nyekundu hukimbilia katikati na kuacha utando wa utegili ukutani, nao hutumika kama grisi. Kwa hiyo μ, ile herufi tuliyosema ni ya kimiminika peke yake, kwa damu inaanza kuujua mrija. Poiseuille aliiacha damu ili aipate kanuni. Ilichukua karibu karne moja kurudi kwake na kuona mahali ambapo kanuni haimtoshi.

Kuna jambo moja katika vizio ambalo bado hunifurahisha kila ninapoliona. Ingiza kiputo cha hewa kwenye sirinji inayosukuma maji kwenye chipu. Hewa inabanwa na kutanuka, kwa hiyo kiputo kinaweka akiba ya kimiminika kama tangi dogo. Uwezo huo wa kuweka akiba hupimwa kwa mita ya ujazo kwa paskali. Zidisha na ukinzani, paskali-sekunde kwa mita ya ujazo: paskali zinafutana, mita za ujazo zinafutana, na kinachobaki ni sekunde. Sio sitiari, ni muda halisi ambao mtiririko utachukua kutulia baada ya kuwasha pampu. Kiputo cha maikrolita 100 na kijifereji chetu cha trilioni 14 vinatoa sekunde 14. Fundi anawasha pampu, anaangalia hadubini, hakuna kinachotembea, anaongeza msukumo, na sekunde chache baadaye kila kitu kinakuja kwa pamoja na kupasua chipu. Angetazama vizio tu angejua asubiri.

Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kasha jeupe la plastiki kilicho karibu kila zahanati, ni kijifereji pia, ingawa hakina mrija hata mmoja. Ndani yake kuna ukanda wa nitroselulosi wenye vinyweleo visivyohesabika, na kimiminika kinavutwa na vinyweleo hivyo bila pampu. Kwa kitu chenye vinyweleo hatuulizi kipenyo; tunatumia kanuni ya Henry Darcy, mhandisi aliyeshughulika na maji ya mji wa Dijon na kuichapisha mwaka 1856, na tabia ya ukanda inapimwa kwa kizio cha eneo, mita ya mraba, jambo linalowashangaza wanaokutana nalo mara ya kwanza. Wanajiolojia wa mafuta na maji ya ardhini wanalo jina lake pia: darcy moja ni karibu sehemu moja ya trilioni ya mita ya mraba. Hapo tena, fani imejipatia pishi lake.

Lakini ukanda wa malaria una tofauti moja na kila mrija tuliotaja. Urefu wake unaohesabika ni ule uliokwisha kulowa, na huo unakua. Nguvu inayovuta haibadiliki, ukinzani unaongezeka kila milimita, kwa hiyo mwendo unapungua. Edward Washburn aliandika hesabu hiyo mwaka 1921: umbali unakwenda na kipeuo cha pili cha muda, yaani kama sentimita ya kwanza ilichukua dakika moja, kufika sentimita ya pili ni dakika nne tangu mwanzo, na ya tatu ni dakika tisa. Mhudumu anayeona rangi imekimbia haraka mwanzoni hushawishika kusoma mapema. Kwenye karatasi ya maelekezo imeandikwa asubiri dakika 15, au 20 kutegemea kampuni, na wakati huo wote kile kimiminika kinaupanda ukanda ambao ukinzani wake unazidi kuwa mkubwa kwa sababu ya hatua kilizokwisha kupiga chenyewe.